Mama Mikono Mirefu

Mke wangu alizaliwa na ngozi ya vipele. Si upele wa kuwasha. Ni vipele vidogo vigumu vilivyojipanga kutoka begani hadi kwenye kiwiko, na mgongoni pia, kama ngozi ya kuku akishanyonyolewa. Haviumi, haviambukizi. Mama yake alikuwa navyo, na bibi yake hali kadhalika. Ukipitisha kiganja unahisi kama unapapasa ubao ambao haujapigwa msasa.

Nasema ubao kwa sababu mimi ni seremala.

Mama yake alimfundisha namna ya kuishi navyo. Oga maji ya uvuguvugu. Usijisugue. Usijikaushe sana, paka mafuta mwili ungali na unyevu. Ukiacha siku mbili tatu vinarudi kwa ukali. Ndivyo alivyoishi mpaka nikamwoa, ana miaka ishirini na mmoja. Alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka mpaka majirani wakauliza nyumba ile kuna nini.

Mwaka wa pili tukapata mtoto wa kike. Mtoto alipokuwa anatambaa, mdogo wake mke wangu akaposwa, arusi ikapangwa. Wanawake wa upande wao wakanunua kitambaa cha aina moja, wakaenda kwa fundi cherehani kupimwa. Gauni lilikuwa la mikono mifupi. Siku ya kujaribisha, mke wangu alipovua blauzi, binamu yake akasema mbele ya wote:

"Dada, siku tukikosa jivu la kusugulia masufuria, tutaazima mkono wako."

Wakacheka. Naye akacheka, ndivyo alivyokuwa. Alipofika nyumbani akakaa kitandani, gauni mapajani, akalia.

Ningesema pole ingetosha. Lakini nilikuwa fundi kijana, na fundi kijana akiona kitu kina kasoro mikono inamwasha.

Pale karakana mimi ndiye niliyekuwa mmaliziaji. Wenzangu walipasua, walipiga randa, waliunga. Meza ikishasimama inaletwa kwangu. Kazi ile ina siri yake. Mbao kavu ukiipiga msasa inakudanganya. Unadhani imelainika, ukipaka vanishi tu nyuzi zake zinasimama kama ndevu za juzi. Kwa hiyo unailowesha kwanza kwa kitambaa. Acha nyuzi zisimame, acha ikauke, ndipo upitishe msasa laini, namba mia nne. Unalowesha tena, unapitisha tena. Mara tatu. Baada ya hapo hata nzi akitua anateleza. Watu walikuja kupapasa meza zangu hata kama hawanunui.

Nikamwambia, "Hili jambo dogo. Nipe siku tatu."

"Fundi, mimi si kabati."

"Kabati halinung'uniki hivi."

Akacheka na machozi yake. Akakubali. Alikubali kwa sababu aliniamini.

Akakaa kwenye stuli uani. Nikamlowesha mikono kwa maji ya uvuguvugu, nikapitisha msasa polepole, kwa upande mmoja, kama ninavyofuata mstari wa mbao. Siku ya kwanza mkono ulikuwa laini kama yai. Alijipapasa, akajipapasa tena, akanishika masikio yote mawili. "Kumbe nimeolewa na daktari," akasema.

Siku ya pili mikono ilikuwa imevimba, inatoa joto. Nikajiambia hizo ni nyuzi zinasimama. Nikaendelea. Nikafanya na mgongo. Siku ya tatu alikuwa ameuma kitambaa kwa meno. Hakuniambia acha. Nikamaliza kazi.

Mbao imekufa, ngozi iko hai. Hata mtoto mdogo anajua. Mimi kwa siku tatu sikujua.

Ikaja homa, ukaja usaha. Arusi ikapita yeye kalala kifudifudi, gauni limetundikwa msumarini. Jirani alikuja kumjulia hali. Akafunua shuka kidogo, akaguna.

"Maji ya moto haya?"

Kabla sijafungua mdomo mke wangu akajibu, "Ndiyo."

"Mtoto kavuta sufuria?"

Mtoto alikuwa pale pale chini, anavuta ncha ya shuka. Mke wangu akanitazama mimi, akamtazama mtoto.

"Ndiyo," akasema.

Jirani akamnyooshea mtoto kidole. "Mtundu wewe! Umemchoma mama!" Mtoto akacheka. Sisi wakubwa pia tukacheka.

Jirani alipoondoka nikamuuliza mke wangu mbona kasema vile.

"Wangekucheka. Kule kazini wangekupa jina mpaka uzeeni. Huyu hata kusema hajui, ataelewa nini?"

Sikubishana naye. Nilishukuru moyoni.

Vidonda vilipona vikaacha makovu meusi, mengine yametuna. Hakuvaa tena mikono mifupi. Miaka arobaini na mitatu, jua kali, jikoni, kisimani, mikono mpaka kwenye viganja. Mtaani wakamwita Mama Mikono Mirefu. Akaitika. Alikuwa anapiga pasi nguo za watu pale nyumbani, pasi ya mkaa, na jasho likimtiririka ndani ya mikono ile hadi linadondoka kwenye vidole. Alikuwa na kitambaa cha pembeni cha kufuta vidole asije akachafua shati la mtu.

Safari moja alipata kazi hospitali, kwenye chumba cha kufulia. Kazi ya kudumu, yenye likizo. Akaonyeshwa sare. Mikono mifupi. Akawaambia, "Mume wangu hataki." Msimamizi wa pale akanikuta njiani siku moja, akanisimamisha.

"Bwana, wivu gani huo? Mwache mwenzako atafute riziki."

Nikainamisha kichwa. Nimesemwa sana mtaani kwa wivu ambao sikuwa nao. Lile nililolifanya hakuna aliyenisema.

Nyumbani alirudia njia ya mama yake. Akitoka kuoga alijipaka mikono mwenyewe, mimi nikampaka mgongo, kwa kiganja, bila kusugua. Vipele vya kuzaliwa vililainika kama zamani. Makovu yalibaki vile vile. Hatukuwahi kulizungumza. Mara moja tu, amenipa mgongo, alisema, "Leo mkono wako mzito, Fundi." Nikaupunguza uzito.

Binti yetu alikua na ile hadithi ya sufuria. Ilishakuwa ya nyumba. Wageni wakija walimtania, "Huyu ndiye yule mchomaji?" Yeye anatabasamu, kisha anatoka nje. Alikuwa mtoto wa kuomba radhi. Kikombe kikivunjwa na paka, yeye ndiye anayeomba radhi. Mpaka anafikisha miaka kumi na miwili alikuwa hasogelei jiko lenye sufuria. Alipopata kazi, kitu cha kwanza alichomletea mama yake ni mafuta ya kujipaka. Hakuacha tena. Makopo yalijaa dirishani, yaliyokwisha nikawa natilia misumari.

Mimi niliyaona yote hayo. Mama yake aliyaona. Nafikiri kila mmoja alimngoja mwenzake aanze, na siku zikapita hivyo.

Mke wangu amefariki miezi minane sasa. Sitasema mengi juu ya siku hiyo.

Binti alikuwa amekuja kumuuguza, akabaki. Mumewe kazi yake iko mbali. Binti mwenyewe anapika kwenye bweni la wanafunzi, anatoka asubuhi anarudi jioni. Amekuja na mwanawe wa kike, miaka kumi na sita, tunamwita Kipipi. Kipipi amechukua ngozi ya bibi yake, mikononi na mgongoni. Kicheko pia amechukua. Akicheka chumba cha pili mimi huacha ninachofanya.

Anacheza netiboli shuleni. Jezi yao haina mikono. Wenzake wamempa jina, Mamba. Alituambia wakati wa kula, kwa mzaha.

"Eti nikimkumbatia mtu nitamtoboa shati."

"Wapuuze," mama yake akasema. "Mbona bibi yako alikuwa na ngozi hiyo hiyo na alipendwa?"

"Bibi alijificha, Mama. Mimi nitajificha wapi kwenye jezi?"

Mama yake akaangalia sahani. Mimi nikaomba maji.

Jumamosi moja nilikuwa nimekaa uani nanoa patasi. Nikasikia sauti bafuni. Sauti ile naijua kuliko sauti yangu. Kila msasa una sauti yake. Mia nne unanong'ona. Huu haukunong'ona, ulikwaruza. Ulikuwa namba mia na ishirini, mkali, wa mbao ambayo haijalainishwa, na ulitoka kwenye sanduku langu.

Nikagonga mlango.

"Kipipi!"

"Naoga, Babu!"

"Huogi. Pitisha hiyo karatasi chini ya mlango."

"Karatasi gani?"

"Usinifanye mjinga. Namba mia na ishirini. Pitisha."

Ikapita. Imelowa, na pembeni ina wekundu.

Alipotoka alikuwa amejifunika taulo mpaka shingoni. "Umejuaje namba na wewe uko nje?"

"Umefanya mara ngapi?"

"Mbili tu." Akanitazama. "Si wewe unayesema hakuna mbao mbaya, kuna fundi mvivu?"

"Nilisema mbao."

"Na mimi ni nini? Mimi Mamba."

Pale ndipo ningesema. Nikaona heri aseme mtu mwenye koti jeupe. Jumatatu nikampeleka zahanati.

Mganga alikuwa mwanamke kijana. Akamwangalia mikono, akamwangalia mgongo, akavuta kiti.

"Nani kakwambia usugue?"

"Hakuna," Kipipi akasema.

"Sikiliza, mdogo wangu. Huu si ugonjwa wala si uchafu. Ngozi yako inatengeneza magamba magumu yanayoziba vitundu vya vinyweleo. Umezaliwa hivyo. Haiondoki kabisa, inatulizwa. Kwa wengi vipele hupungua vyenyewe wakizidi kukua. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo kali, mafuta mara tu ukitoka kuoga. Vidonda vikikauka, utapaka krimu yenye yurea."

Nikauliza, "Yurea si mbolea?"

"Jina ndilo hilo, Mzee. Lakini hii ni ya ngozi. Usije ukaenda kuchota kwenye gunia."

Kipipi akacheka. Kisha akauliza, "Itachukua muda gani?"

"Wiki sita, miezi miwili, utaona tofauti. Ukisugua, vinakasirika, na vinaacha alama zisizotoka."

"Mechi ni wiki mbili zijazo."

"Mechi utacheza kwa mikono, hutacheza kwa vipele."

Nje ya geti Kipipi akaniambia, "Yule ngozi yake kama kioo. Atanifundisha nini?"

Nilitumaini imetosha.

Haikutosha. Alhamisi nilikuwa naanua nguo kwenye kamba. Shati lake la shule lilikuwa na vitone begani na mgongoni, limefuliwa lakini vimebaki. Nikaingia bafuni. Nyuma ya ndoo nikaona jiwe la kusugulia visigino, na kwenye vishimo vyake mna damu. Anaoga alfajiri siku hizi, kabla sijaamka. Nilikuwa nimefurahi nikidhani amekuwa mtoto wa kuwahi shule.

Nikakaa kwenye benchi na lile shati. Jambo lilikuwa wazi. Nisiposema, mtoto huyu atafika pale alipofika bibi yake, na hakuna mwingine anayejua njia ile inaishia wapi.

Nilifikiria kumwambia Kipipi peke yake na kumwapisha. Nililipima hilo kama mtu anavyopima ubao mfupi akiomba utoshe. Binti yangu asingejua. Ningekufa nikiwa baba yake yule yule. Lakini nilishawahi kumtwisha mtoto jambo langu, na yule hakuwa hata na meno ya kukataa. Sikuweza kumtwisha wa pili.

Jioni tulipomaliza kula, binti akaanza kukusanya sahani.

"Kaeni kidogo," nikasema.

"Baba, nina vyombo."

"Vyombo vitangoja."

Nikaweka shati mezani. Binti akalivuta, akaligeuza.

"Damu ya nini hii? Kipipi?"

Kipipi akainama.

"Anajisugua," nikasema. "Kwanza msasa wangu, sasa jiwe. Nataka niwaambie makovu ya marehemu yalitoka wapi."

Binti akasema haraka, "Mtoto anajua, Baba. Nilishamwambia zamani. Mimi ndiye niliyevuta sufuria." Alilisema kama mtu anavyotaja jina lake.

"Hukuvuta sufuria yoyote."

"Nilikuwa mdogo, lakini..."

"Hapakuwa na maji ya moto. Palikuwa na msasa. Ni mimi."

Nikawaambia. Gauni, binamu, stuli, siku tatu. Jirani na kidole chake. Sikupunguza kitu. Nilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Jambo la miaka yote ile linakwisha kusemwa kabla chai haijapoa.

Kipipi alikuwa amejishika mikono, kila kiganja begani.

"Babu, wewe? Ulimfanyia Bibi?"

"Mimi."

"Na ikawa laini?"

"Siku ya kwanza. Hata yeye alifurahi."

"Halafu?"

"Ulikuwa unamwogesha alipoumwa. Unajua halafu."

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka, akarudi na lile jiwe. Akaliweka mezani. Akaingiza mkono mfukoni akatoa kipande cha msasa, ambacho sikujua kama kipo, akakiweka juu ya jiwe.

"Kwenye mechi nitavaa fulana ya mikono ndani," akasema. "Wakisema, waseme."

Mama yake hakuwa amejisogeza hata kidogo. Alikuwa anaangalia mikono yake mwenyewe. Mikono yake ni laini, yeye hakurithi.

"Baba."

"Naam."

"Siku ile ya mwisho nilipiga magoti kitandani kwa Mama. Nikamwomba anisamehe yale maji."

"Ndiyo."

"Alikuwa hawezi tena kusema."

"Ndiyo, mwanangu."

"Wewe ulikuwa kwenye kiti, upande wa ukutani."

"Nilikuwepo."

"Ulinisikia."

"Nilikusikia."

Kipipi akasema, "Mama," akataka kumshika. Binti akamzuia kwa mkono, taratibu.

"Nilipomwomba, hakunitazama mimi. Alikutazama wewe, akakutazama muda mrefu. Mimi nikadhani anakuaga."

"Hakuwa ananiaga," nikasema.

Akasimama. Akakusanya sahani, yangu pia, akaenda kuziosha. Kipipi akamfuata. Nikabaki nasikiliza maji na vijiko.

Huu ni mwezi wa pili tangu jioni ile. Kipipi hasugui tena. Vidonda vimekauka, alama zipo lakini chache, mganga anasema nyingine zitafifia. Jioni mama yake anampaka ile krimu ya yurea mgongoni, na Kipipi analalamika kwamba siku moja mahindi yatamchipukia. Vipele havijaisha, vimelainika. Mechi walifungwa. Alirudi anachechemea, akanieleza kila goli, nani alimsukuma na refa alikuwa anaangalia wapi. Bado wanamwita Mamba. Anasema sasa anaitika, lakini anayemwita anapigwa kumbo uwanjani.

Binti hajaondoka. Nilidhani ataondoka. Ananifulia, ananipikia. Asubuhi huko nyuma alikuwa ananiamkia kabla hata sijafungua mlango, "Shikamoo, Baba," nami naitikia marahaba nikiwa bado kitandani. Sasa anaweka chai mezani na kwenda kazini. Mimi namwambia asante. Namwambia kila siku, ingawa hajibu.

Jana aliweka chai, akasimama. Kitasa kilikuwa mkononi mwake.

"Nilikuwa na umri gani?" akauliza. "Siku ile jirani alipokuja."

"Miezi tisa."

"Miezi tisa," akasema, akavuta mlango nyuma yake.